Siku Kama ya Leo: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Kipengele cha Tarehe, kwa Mfano wa 9 Desemba

Kipengele cha "Siku kama ya leo" huonekana kazi ya dakika kumi. Unafungua mtandao, unanakili mistari mitano, unasoma. Kumbe hapo ndipo makosa yanapojazana, kwa kuwa tarehe iliyoandikwa haionyeshi dosari yake. Inakaa pale kwenye skrini kama ukweli mtupu. Na wasikilizaji wako wamo watu waliosimama uwanjani usiku wa Uhuru. Hao hupiga simu.

Mwongozo huu unapitia kazi nzima, kuanzia kukusanya hadi kusoma hewani au kuchapisha, kwa kutumia tarehe moja: 9 Desemba. Imechaguliwa kwa sababu mitego karibu yote imo ndani yake. Swali litakaloulizwa kila hatua ni moja: hii ni tarehe ya nini hasa?

Hatua ya 1: Chora jedwali kabla ya kugusa mtandao

Anza wiki mbili kabla. Kwa kipengele cha dakika tatu kusanya matukio 15 hadi 20, ukijua utabaki na matano. Jedwali liwe na safu nane: mwaka, tukio kwa sentensi moja, mahali, tarehe ya nini (kutiwa saini, kutangazwa, kuanza kutumika, kutokea), saa na majira ya wapi, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili, hali (limethibitika, linasubiri, limeachwa).

Ukitumia Excel, weka mwaka katika safu yake na uifanye safu hiyo maandishi, isiwe tarehe. Kuna sababu mbili. Programu hiyo haitambui tarehe za kabla ya 1900, na kwa mwaka 1900 wenyewe inahesabu 29 Februari ambayo haikuwahi kuwapo. Pili, ikiwa kompyuta imewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, ukiandika 9/12 itakugeuzia kuwa 12 Septemba bila kukuuliza. Mtego huohuo umo kwenye nyaraka: hati ya Marekani inayosema 12/9/1961 inamaanisha 9 Desemba, nasi tunaisoma 12 Septemba. Ndani ya jedwali mwezi uandikwe kwa herufi, kila mara.

Usifute mstari ulioukataa. Andika "limeachwa" na sababu. Mwakani mtu mwingine atalikuta tukio lilelile mtandaoni na kufurahi nalo.

Hatua ya 2: Tafuta, kisha tafuta pengine

Wikipedia ya Kiswahili ina ukurasa wa kila siku ya mwaka, wenye matukio, waliozaliwa na waliofariki. Ya Kiingereza ina orodha ndefu zaidi. Anzia hapo, usiishie hapo. Orodha hizo zinafaa kukukumbusha kilichopo, ila hazitoshi kuthibitisha. Fungua makala ya tukio lenyewe uone kama tarehe ni ileile. Mara nyingi utakuta orodha inasema hivi na makala inasema vile.

Kanuni ni vyanzo viwili visivyochota kisima kimoja. Tovuti kumi za siku za kuzaliwa za watu mashuhuri ni chanzo kimoja, maana zinanakiliana. Kwa mambo ya serikali tafuta Gazeti la Serikali, kumbukumbu rasmi za Bunge au hati yenyewe. Matoleo mengi ya zamani ya gazeti rasmi la Kenya yanapatikana mtandaoni na yanatafutika kwa neno. Kwa Tanganyika na Zanzibar, nyaraka za taifa zilizoko Dar es Salaam na Zanzibar zina magazeti ya miaka ile, yakiwamo Tanganyika Standard na Ngurumo.

Ukisoma gazeti la zamani, kumbuka kuwa gazeti la asubuhi hubeba habari za jana. Toleo la tarehe 10 likisema "jana", tukio ni la tarehe 9. Likisema "juzi usiku", kaa chini uhesabu. Anayenakili tarehe iliyo juu ya ukurasa wa kwanza na kuiita tarehe ya tukio amekosea kwa siku moja, na kosa la siku moja ndilo linaloharibu kipengele hiki kabisa.

Hatua ya 3: Tarehe ya nini?

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Tukio kubwa karibu siku zote lina tarehe zaidi ya moja, na kila moja ni ya kweli kwa jambo lake.

Chukua ndui. Orodha nyingi za 9 Desemba zinasema "1979: ndui yatokomezwa". Kilichofanyika siku hiyo ni kwamba tume ya wataalamu iliyoteuliwa na Shirika la Afya Duniani ilitia saini, Geneva, hati inayothibitisha kuwa ugonjwa umekwisha. Tangazo rasmi la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani lilitoka 8 Mei 1980. Na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa amepatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Kwa hiyo ukiandika "tume ilithibitisha" umesema kweli. Ukiandika "dunia ilitangaziwa" umekosea kwa miezi mitano.

Mikataba ina mtego huohuo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari ulipitishwa na Baraza Kuu 9 Desemba 1948, siku moja kabla ya Azimio la Haki za Binadamu, lakini ulianza kutumika 12 Januari 1951. Mkataba dhidi ya rushwa ulipitishwa 31 Oktoba 2003. 9 Desemba mwaka huo ndipo ulipoanza kutiwa saini Mérida, Mexico, na ndiyo sababu siku hii inaadhimishwa duniani kuwa ya kupambana na rushwa. Vitenzi vya kutumia ni "ulipitishwa", "ulitiwa saini", "uliridhiwa", "ulianza kutumika". Usivichanganye, wala usivifunike vyote kwa "ulianzishwa".

Vita navyo hivyo. Jerusalem ilisalimu amri kwa Waingereza 9 Desemba 1917. Jenerali Allenby aliingia mjini kwa miguu tarehe 11. Picha maarufu ya kuingia kwake hubandikwa mara kwa mara kwenye tarehe 9. Kwetu, Vita Kuu ya Kwanza haikukoma 11 Novemba 1918: kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha kikosi chake Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, 25 Novemba.

Vifo vya viongozi vinahitaji uangalifu wa pekee. Patrice Lumumba aliuawa Katanga 17 Januari 1961, lakini dunia ilitangaziwa 13 Februari. Gazeti la Februari 1961 si ushahidi wa siku ya kifo. Ni ushahidi wa siku ya tangazo.

Na yale tunayodhani tunayajua kwa kuwa tuliyasoma shuleni yana tarehe mbilimbili vilevile. Hati za Muungano zilitiwa saini na Nyerere na Karume 22 Aprili 1964, Muungano ukaanza 26 Aprili. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa 5 Februari. Ukitaka kuzungumzia Azimio siku ya 29 Januari hakuna ubaya, mradi useme "lilipitishwa".

Hatua ya 4: Saa ya wapi?

Uhuru wa Tanganyika ulianza saa sita usiku, Ijumaa ya tarehe 8 kuamkia Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 1961, katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Watu walianza kuingia uwanjani tarehe 8. Simulizi nyingi za wazee husema "siku ile ya tarehe nane", na hawajakosea. Katika mswada wako andika "usiku wa kuamkia tarehe 9" na ubishi utakwisha. Maneno "usiku wa Jumamosi" peke yake yaepuke: kwa wengi pwani usiku hutangulia mchana wake, kwa wengine huufuata, na msikilizaji hana njia ya kujua wewe ni wa kundi gani. Mapinduzi ya Zanzibar ni vivyo hivyo: usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, 12 Januari 1964.

Matukio ya mbali yabadilishe kwa saa za eneo ambako jambo lilitokea, kisha useme hivyo. Wanamaji wa Marekani walitua pwani ya Mogadishu kabla ya mapambazuko ya 9 Desemba 1992. Washington ilikuwa bado tarehe 8 jioni. Vyanzo vya Marekani vyenye tarehe 8 havisemi uongo, ila tukio ni la Somalia, basi linakwenda kwa saa ya Somalia.

Mwezi hauna saa yake, kwa hiyo hapo unachagua na kutaja. Chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini Julai 1969 ikiwa kwetu Afrika Mashariki ni saa tano na dakika 17 usiku wa tarehe 20. Neil Armstrong alipoukanyaga ilikuwa saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri ya tarehe 21. Wamarekani wanaadhimisha yote mawili tarehe 20. Redio ya Mombasa au Mwanza inaweza kabisa kuliweka la pili tarehe 21, ila itaje "kwa saa za Afrika Mashariki", vinginevyo simu zitaanza kulia.

Hatua ya 5: Kalenda ipi?

Katika orodha za waliozaliwa 9 Desemba utawakuta mshairi wa Kiingereza John Milton, 1608, na mwanafalsafa wa Urusi Peter Kropotkin, 1842. Wamekaa mstari mmoja lakini hawakuhesabiwa kwa kalenda moja. Uingereza ya Milton ilitumia kalenda ya kale ya Julian, na desturi imeiacha tarehe yake hivyohivyo. Kwa kalenda yetu ya Gregori ni 19 Desemba. Kropotkin alizaliwa 27 Novemba kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, na tarehe yake imeshageuzwa. Kwa nchi za kikatoliki mabadiliko yalianza 1582, Uingereza na makoloni yake 1752, Urusi 1918. Tofauti ilikuwa siku 10 katika karne ya 17, siku 11 katika ya 18, siku 12 katika ya 19 na siku 13 katika ya 20. Ndiyo maana "Mapinduzi ya Oktoba" ya Urusi yanaangukia 7 Novemba 1917.

Kwa redio yenu hili litatokea mara chache, ila likitokea usijaribu kugeuza mwenyewe. Chukua tarehe inayotumiwa na wengi na, kama tofauti ipo, itaje kwa nusu sentensi.

Hijria ni habari nyingine, nayo inatugusa zaidi. Barua, tenzi na nyaraka za Lamu, Unguja na Kilwa zimeandikwa kwa Hijria. Vikokotoo vya mtandaoni vinakupa tarehe ya Gregori, lakini vinafuata hesabu. Mwandishi wa waraka alifuata mwandamo wa mwezi mahali alipokuwa. Siku moja mbele au nyuma ni jambo la kutarajiwa. Juu ya hayo, siku ya Hijria huanza magharibi. Kama waraka unataja pia siku ya wiki, itumie hiyo kuamua. Kama hautaji, sema mwezi na mwaka, uache tarehe.

Ethiopia nayo: vita vya Adwa vilipiganwa 1 Machi 1896, ambayo kwa kalenda ya Ethiopia ilikuwa 23 ya mwezi wa Yekatit, 1888. Wao wanaadhimisha 23 Yekatit, na kwa sasa siku hiyo huangukia 2 Machi. Usimsahihishe msikilizaji wa Addis Ababa.

Hatua ya 6: Pima kwa siku ya wiki

Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote, na wengi hawakitumii. Tarehe ileile husogea siku moja ya wiki kila mwaka, na husogea siku mbili ikiwa katikati yake imepita 29 Februari. 9 Desemba ilikuwa Jumamosi 1961, Jumapili 1962, Jumatatu 1963, kisha ikaruka hadi Jumatano 1964. Kila baada ya miaka 28 mzunguko unarudi palepale, kwa miaka yote kati ya 1901 na 2099: 1989 ilikuwa Jumamosi tena.

Basi simulizi ikisema jambo lilitokea "Jumapili ya Uhuru, 1961", unajua papo hapo kuwa ama siku si hiyo, ama mwaka ni 1962.

Hatua ya 7: Majina na vyeo vya wakati ule

Makosa mawili yanarudi kila Desemba. La kwanza: "Tanzania ilipata uhuru 9 Desemba 1961." Siku hiyo ilipata uhuru Tanganyika. Zanzibar ilipata wake 10 Desemba 1963, na jina Tanzania lilikuja baadaye mwaka 1964. La pili: "Nyerere akawa Rais." Siku hiyo Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu, Rashidi Kawawa akashika uwaziri mkuu. Tanganyika ikawa jamhuri 9 Desemba 1962, na hapo ndipo Nyerere alipokuwa Rais. Tarehe moja, miaka miwili tofauti, mambo mawili tofauti.

Wakenya wana jozi kama hiyo: 12 Desemba 1963 uhuru, 12 Desemba 1964 jamhuri. Waganda walipata uhuru 9 Oktoba 1962. Rwanda na Burundi zote mbili ni 1 Julai 1962, kwa hiyo redio ya mpakani isitaje moja ikaisahau nyingine.

Jihadhari pia na maneno "wa kwanza". Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart alionyesha hadharani kipanya cha kompyuta. Orodha husema "kwa mara ya kwanza duniani". Lakini kampuni ya Telefunken ya Ujerumani ilikuwa imeshaanza kutangaza kifaa cha namna hiyo miezi miwili kabla. Andika "alionyesha kipanya alichokibuni". Ukweli hauongezeki uzito kwa kuongezewa "wa kwanza".

Hatua ya 8: Waliozaliwa

Sehemu hii ndiyo inayopendwa, na ndiyo yenye vyanzo dhaifu kuliko zote.

Kwa wazaliwa wa Afrika Mashariki wa kabla ya uhuru, wengi hawakuandikishwa. Siku ya kuzaliwa ya Jomo Kenyatta haijulikani. Hata mwaka ni wa kukadiria, miaka ya 1890. Tarehe 20 Oktoba, iliyoitwa Siku ya Kenyatta hadi ikawa Mashujaa, ni ya kutangazwa kwa hali ya hatari mwaka 1952, si ya kuzaliwa kwake. Bi Kidude alifariki 17 Aprili 2013, lakini hakuna tarehe ya kuaminika ya kuzaliwa kwake. Watu kama hao waingie kwa siku ya kufariki au kwa kazi yao kubwa. Usiwatungie siku.

1 Januari itazamwe kwa jicho la pili. Karani asiyejua siku mara nyingi huandika hiyo, na hivyo ndivyo ilivyo katika kambi za wakimbizi na ofisi za pasi za nchi nyingi. Si kwamba kila aliyeandikwa 1 Januari hakuzaliwa siku hiyo. Ni kwamba unahitaji chanzo cha pili kuliko kawaida.

Wanamichezo na wasanii walio hai: tumia rekodi ya shirikisho au klabu, au tamko la mhusika mwenyewe katika ukurasa wake ulioidhinishwa. Vyanzo viwili vikitofautiana mwaka, mpongeze bila kutaja umri. Hakuna atakayelalamika. Watoto wa wasanii waachwe nje, hata kama bethidei yao imejaa mitandaoni.

Asubuhi ya siku yenyewe, saa moja kabla ya kwenda hewani, hakikisha kila aliye hai bado yu hai. Kumtakia maisha marefu mtu aliyefariki usiku ni kosa lisilosahaulika. Kwa aliye hai tumia "anatimiza", kwa marehemu "angetimiza", na kwa marehemu wa zamani sana sema tu alizaliwa lini. "Milton angetimiza miaka 417" ni mzaha.

Sasa tuchague wa 9 Desemba. Orodha ina Grace Hopper (1906), Kirk Douglas (1916), Judi Dench (1934), Sonia Gandhi (1946) na John Malkovich (1953), miongoni mwa wengine. Mwigizaji Kirk Douglas ana mtego wake: alizaliwa Amsterdam, ila Amsterdam ya jimbo la New York. Usimfanye Mholanzi. Aliishi hadi 5 Februari 2020, akiwa na miaka 103. Sonia Gandhi alizaliwa Italia, jambo ambalo msikilizaji anayefuata siasa za India atalitarajia ulitaje. Hopper anafaa zaidi kwa sababu anashikana na tukio lingine la siku hiyo: alikuwa miongoni mwa waasisi wa programu za kompyuta, na siku Engelbart anaonyesha kipanya chake, yeye alikuwa anatimiza miaka 62. Ukiona jozi kama hiyo, ichukue. Kipengele hupata uti wa mgongo badala ya kuwa orodha.

Hatua ya 9: Hesabu ya miaka

Toa mwaka wa tukio kutoka mwaka huu, basi. Kwa mwaka 2025, kwa mfano, 2025 kutoa 1961 ni 64. Kosa hutokea pale mtu anapohesabu sherehe badala ya miaka: ukiihesabu siku yenyewe ya 1961 kuwa ya kwanza, 2025 inakuwa mara ya 65 tarehe hiyo kufika. Shikilia "miaka 64 ya Uhuru", achana na "mara ya". Miaka 50 ilikuwa 2011.

Miaka inayoisha kwa 0 au 5 hupewa nafasi kubwa. Mengine yapite haraka, isipokuwa yana uhusiano na habari ya wiki hiyo.

Hatua ya 10: Chuja kwa kumfikiria msikilizaji

Uhuru wa Tanganyika hauna mjadala kwa redio ya Tanzania. La pili linategemea mlipo. Kigali, Bujumbura au Arusha, ule mkataba wa mauaji ya kimbari una uzito wake: mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ndiyo iliyotoa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa ya kosa hilo, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, 2 Septemba 1998. Kwa Mombasa au Garissa, ndui na Merca ni jirani. Vita vya Ayacucho vya 1824 vilivyovunja utawala wa Hispania Amerika ya Kusini ni tukio kubwa kweli, ila kwa dakika tatu za Kiswahili liache, labda iwe wiki ya habari za Peru.

Usiweke misiba mitatu mfululizo. Na usiruke kutoka mauaji moja kwa moja hadi "hepi bethidei". Weka tukio la kati, au muziki.

Hatua ya 11: Andika kwa sikio

Chukua maneno 110 kwa dakika kama kianzio, kisha jipime kwa saa, kwa kuwa kila msomaji ana mwendo wake. Dakika tatu ni kama maneno 330: tukio kuu 130, la pili 70, la tatu 50, wazaliwa wawili 30 kila mmoja, kufungua na kufunga 20. Nambari zisizidi mbili katika sentensi. Mwaka utaje mapema, usiuache mkiani. Jina la kigeni liandikie matamshi juu yake kwa kalamu, siyo ndani ya mswada.

Mfano wa matukio mawili na mzaliwa mmoja:

"Ni 9 Desemba. Mwaka 1961, usiku wa kuamkia siku kama ya leo, saa sita kamili, bendera ya Uingereza ilishushwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ikapanda ya Tanganyika: kijani, dhahabu na nyeusi. Kileleni Kibo, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera hiyo na Mwenge wa Uhuru. Mwalimu Julius Nyerere aliingia siku ile akiwa Waziri Mkuu. Urais ulikuja mwaka mmoja baadaye, tarehe hiihii, Tanganyika ilipokuwa jamhuri.

"Mwaka 1979, mjini Geneva, wataalamu walitia saini hati kuthibitisha kuwa ndui imekwisha duniani. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, miaka miwili kabla. Alipona.

"Na siku kama ya leo mwaka 1906 alizaliwa Grace Hopper, mwanahisabati na ofisa wa jeshi la majini la Marekani. Alipotimiza miaka 62, siku hiyohiyo, mjini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart aliwaonyesha watu kifaa kidogo alichokiita kipanya."

Ona kuwa hakuna "katika tukio la kihistoria lisilosahaulika". Ona pia kuwa kila kitenzi kinajibu swali la hatua ya 3. Soma kwa sauti mara moja kabla ya kuingia studio. Sentensi inayokukata pumzi ikatwe vipande viwili.

Hatua ya 12: Picha, sauti, marekebisho na ghala

Picha ya zamani si mali ya yeyote aliyeipata kwanza mtandaoni. Kanda za redio ya taifa na picha za idara ya habari zina mwenyewe. Andika barua ya kuomba wiki mbili kabla. Hakikisha pia picha ni ya siku yenyewe. Picha za Nyerere akiapishwa kuwa Rais, 1962, huzungushwa kila mwaka zikiitwa za usiku wa Uhuru.

Msikilizaji akipiga simu kusahihisha, mwombe akupe mwaka, mahali na alikojulia, uyaandike kwenye jedwali palepale. Ikithibitika mmekosea, rekebisheni kipindi hichohicho siku inayofuata, mkitaja tarehe sahihi mara mbili na ile yenye kosa msiitaje kabisa. Inayorudiwa ndiyo inayobaki masikioni.

Hifadhi jedwali kwa jina la siku, si la mwaka: "12-09" kwa 9 Desemba, mwezi mbele, ili mafaili yajipange yenyewe. Mwakani badilisha hesabu za miaka, hakiki walio hai, ongeza yaliyotokea katikati. Mswada wa mwaka jana usisomwe ulivyo, hata siku moja ya haraka.

Faili moja litafunguliwa mara moja kila miaka minne: 29 Februari. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alifariki siku hiyo mwaka 2024, kwa hiyo tarehe yake kamili inarudi 2028. Miaka ya katikati mkumbukeni 28 Februari, mkisema wazi kuwa alifariki tarehe 29, na muweke alama ya kuelekeza kutoka faili la 28 kwenda la 29 ili anayeandaa asilipite.